Migomba Kwenye Udongo Mweusi

Katika kijiji chetu, chini ya milima, si mbali na Mlali, mtu wa kwanza kurudi na diploma ya usimamizi wa malisho ni mimi. Nalisema waziwazi kwa sababu hakuna aliyenishika mkono. Nilianza kwa kubeba mizigo stendi ya mabasi ya Msamvu, nikasoma jioni, nikafaulu, nikafanya kazi kwenye ranchi za mbali, kisha nikarudi kwa hiari yangu. Nikishika udongo kidogo kiganjani nikaulowesha, naweza kukuambia ng'ombe watakula nini hapo mwezi wa tisa.

Ndiyo maana kamati ya ardhi ya kijiji iliponiomba niyapange maeneo yake kwa ubora wa malisho, sikusita. Wafugaji na wakulima walikuwa wamechoka kugombana. Walikubaliana kwamba nitakachoandika ndicho kitakachofuatwa: panapofaa kulishia pabaki malisho, panapofaa jembe pabaki mashamba. Nilizunguka siku sita. Kila mahali nilitazama udongo, maji, na mimea inayoota pamoja. Mmea mmoja unaweza kukudanganya. Ukikuta migunga, ndago na nyasi ndefu za mbugani vimekaa pamoja, hapo ni malisho, hudanganyiki.

Siku ya saba mimi na kamati tukashuka bondeni, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yangu. Kwetu Waluguru ardhi hupitia kwa mama, na mwenye kuigawa ni mjomba. Mjomba wangu alikuwa ameniahidi pembe moja ya bonde hilo nijenge nyumba. Nilijua kwamba nikiandika "malisho", kiwanja changu nacho kinakwenda.

Mjomba alikuwa ametutangulia. Tulimkuta amesimama katikati ya migomba michanga, kama ishirini hivi, imepangwa mstari. Kwetu ukipanda mgomba umeweka alama kwamba hapo ni shamba na lina mwenyewe, na watu huiheshimu. Lakini migomba ile ilikuwa imeinamisha majani, na udongo kwenye mashina ulionekana umechimbuliwa jana.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Andika shamba la migomba."

Mfugaji aliyewawakilisha wenzake kwenye kamati, mzee wa rika la mjomba, akaizunguka migomba taratibu, mikono nyuma. "Mzee mwenzangu, hii imeshuka na basi la saa ngapi?"

"Na wewe ulishuka na lipi?"

Watu wakaangua kicheko, hata mwenyekiti wa kamati, mama mkulima wa kabichi huko juu mlimani, ambaye vikaoni huwa hacheki.

Mimi sikucheka. Nilichukua sururu nikachimba hatua mbili tu kutoka mgomba wa kwanza, mpaka shimo likanifika kiunoni na shati likalowa jasho. Sikumwambia mjomba neno la kumwaibisha. Juu palikuwa na udongo mweusi wenye nyufa ambazo mkono uliingia mpaka kwenye kiwiko. Chini ulikuwa wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, alama kwamba masika maji hutuama hapo wiki nyingi. Nikaulowesha, nikausokota, ukatoa kamba ndefu isiyokatika. Mizizi ya mgomba huoza mahali kama hapo, lakini nyasi hubaki na ubichi kiangazi kizima.

"Malisho ya kiangazi, daraja la kwanza," nikasema. "Bonde lote."

"Lote?" mwenyekiti akauliza. "Na ile pembe?" Habari ya kiwanja changu aliijua kila mtu.

"Na ile pembe, mama. Udongo ni uleule."

Mjomba akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya ugoro wake. "Umesoma udongo, watu hujawasoma. Umewajengea ng'ombe, mpwa wangu. Haya, nenda kalale nao."

Akaanza kung'oa migomba yake mmoja mmoja. Niliposhika mmoja nimsaidie, akausukuma mkono wangu. Nikamwonyesha ukanda wa udongo mwekundu kule kwenye mteremko, nikamwambia huko itashika vizuri. Hakugeuka kutazama.

Sasa nimepanga chumba Mlali. Kiangazi ng'ombe hushuka bondeni kwa utaratibu, ugomvi umepungua, na kwenye ramani yangu haujabadilishwa hata mstari mmoja. Vijiji viwili vya jirani vimeshaniita. Kila Jumapili baada ya misa nakwenda kumsalimia mjomba. Marahaba ananipa, mazungumzo hanipi.

Masika haya alinikuta nimesimama ukingoni mwa bonde, akasimama karibu yangu. Maji yalikuwa yamefunika kila kitu, na mahali ambapo kingekuwa chumba changu cha kulala mtu angezama mpaka magotini.

"Maji mengi mwaka huu," akasema.

"Mengi, mjomba."

Tukapanda kwake kunywa chai. Habari ya kiwanja kingine hakuigusa. Mimi nimeshakipima kwa macho: kipo juu kidogo ya nyumba yake, udongo mwekundu, mvua ikinyesha maji hayakai. Nangoja aseme.