Siku Nilipotangaza Viboko Mofu

Jamani, ninyi mnaosema nina mdomo, leo chekeni mpaka mbavu ziume, maana nitawasimulia mwenyewe jinsi nilivyowakimbiza watu wa Mofu, kijiji kizima, kwa tangazo moja tu, tena siku moja kabla ya kupewa jibu la posa yangu. Aibu yake ninayo mpaka leo, lakini sauti, nawaambieni, ilikuwa sauti!

Enzi zile za Mjerumani, Maji Maji imekwisha ila watu bado wanaota moto usiku, mimi nilikuwa mkalimani wa Mzungu mmoja ambaye hakuwa askari wala mtoza kodi. Kazi yake ilikuwa wanyama. Alipima mikia ya sheshe, wale swala wekundu wa mbugani kwetu, aliloweka vyura kwenye chupa, na zaidi ya yote alichokonoa kinyesi kwa kijiti (ndiyo, mtu mzima na miwani yake!) ajue mnyama amekula majani gani. Watu walimwita Bwana Kinyesi, naye aliitika kwa furaha, kwa sababu nilimtafsiria kuwa maana yake ni mtaalamu.

Safari ile shida yake ilikuwa kiboko. Alisema kinyesi cha kiboko kikianguka mtoni ndicho kinacholisha samaki, na kiboko akiisha, perege na kambale nao watapungua, kwa hiyo alitaka wenyeji wamweleze mnyama huyo analala wapi, anapita njia ipi, anaingia kwenye mpunga wa nani. Akaniagiza, "Nenda nyumba kwa nyumba. Kaa nao. Eleza polepole."

Polepole! Mimi? Mtu nimetoka Ifakara na koti la kaki nililopewa na Bwana, vifungo vinang'aa, halafu pale karibu na kichuguu Tabu anatwanga mpunga! Huyo Tabu ndiye binti niliyemposa, na baba yake, Mzee Lipangile, alikuwa ameahidi kunijibu kesho yake. Nikaona nyumba kwa nyumba ya nini wakati koo ninalo? Nikapanda kichuguu, nikatunisha kifua, nikapaza sauti kwa Kiswahili changu cha mjini: "Sikilizeni! Kesho asubuhi wanaume wote mtoni! Bwana ana hamu sana na viboko! Wazee kwa vijana, asikose mtu!"

Tabu akaacha kutwanga. Mimi nikajua ameipenda sauti.

Sasa sikieni ujinga wangu. Nilikuwa nimezunguka sana na yule Bwana, kichwani mwangu kiboko ni mnyama tu, mnene, masikio madogo. Lakini watu wa Mofu mnyama huyo wana jina lake la Kindamba, walilolijua toka utotoni, na neno kiboko, la Kiswahili, wao walilisikia kwanza kwa askari wa serikali, na kwa askari kiboko si mnyama, ni ngozi yake iliyokatwa, ikakaushwa, ikawa fimbo. Na aliyetangaza amevaa koti la kaki.

Asubuhi Bwana akaja na darubini yake. Mofu kimya! Chungu cha uji kinachemka peke yake, kuku wanajitembelea, watu hakuna. "Wako wapi?" akaniuliza. Nikamjibu bila wasiwasi, "Wametangulia, Bwana, wana hamu kuliko wewe." Tukafika mtoni, patupu. Nikaona matete yanatikisika, nikajua wamejificha humo, nikaingia topeni nikiita, "Tokeni, jamani! Viboko tele leo, hata watoto waje!" Matete yakazidi kutikisika, yakielekea mbali nami.

Nikawafuata. Kumbe upande ule alikuwapo mwenyewe, kiboko jike na ndama wake, na sijui kama mmewahi kumwona mama wa namna ile akiinuka kwa hasira. Alipanua mdomo nikaona mpaka alichokula jana. Nilitoka mbio, koti likanasa nikaliacha, shuka niliyojifunga nayo ikabaki kwenye matete (sikurudi kuiomba), nikatumbukia dimbwini, na humo dimbwini nikaangukia mgongo wa mtu. Alikuwa Mzee Lipangile.

"Mama yangu! Amekuja kunichapa akiwa uchi!" mzee akapiga yowe, na matete yakafunguka pande zote, watu wakasimama kunitazama, Tabu naye yumo.

Bwana kule ukingoni anarukaruka kwa furaha, anamnyooshea kidole yule mnyama aliyekuwa akirudi majini na mwanawe. "Kiboko! Kiboko mzuri!"

Mzee akamtazama mnyama, akanitazama mimi. "Huyo?"

"Ndiye, baba," nikasema, mikono nimeiweka mnapopajua. "Shikamoo."

Walicheka, weee! Tabu alicheka mpaka akakaa kwenye maji, na mimi nikaanza kucheka nao. Mzee peke yake hakucheka. Aligeuka kunawa tope, nikauona mgongo wake, makovu marefu yamepishana toka mabegani hadi kiunoni, na kicheko changu kikakatika palepale. Niliona haya kuliko nilivyoona haya kwa kuwa uchi.

"Mwanangu," akasema, wala hakuwa na hasira, "huko kwa Bwana wako kiboko ana miguu minne. Hapa kwetu kina mkono."

Nikaomba radhi tu, nikijua posa imekwenda na maji. Mzee akanirushia kipande cha nguo nijifunge. "Jibu lako utalisikia jioni," akasema. "Kwanza panda kichuguu kile, utangaze upya. Kwa Kindamba."

Nikapanda bila koti. Nilimtaja mnyama kwa jina lao, nikasema Bwana anauliza habari zake tu, hakuna mtu atakayeguswa. Mzee Lipangile alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia binti yake. "Mpelekee mumeo maji ya kunywa. Ametangaza sana."

Toka siku hiyo sipandi kichuguu. Nikiwa na neno na watu naenda nyumba kwa nyumba, nakaa nao, naeleza polepole. Na lile neno, mbele ya baba mkwe, sikulitamka tena mpaka tulipomzika.