Siku Nilipokata Keki ya Yasinta kwa Mkono

Chekeni tu, maana hata mimi nikiwa peke yangu karakana nikikumbuka nacheka mpaka nasimamisha randa, lakini siku ile, jamani, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Mnajua nina kisukari, mwaka wa sita huu. Sasa wiki ya harusi ya Yasinta, binti wa kaka yangu kule Endabash, nikamsikiliza mtaalamu mmoja kwenye simu akieleza kwamba seli za mwili hujisafisha zenyewe, zinakusanya vipande vyake vilivyochakaa na kuvitumia upya, na kwamba kwa sisi wa kisukari usafi huo huvurugika, uchafu unajazana, na huenda ndiyo sababu mojawapo ya figo na macho kuharibika. Akasema mtu akikaa na njaa, usafi huongezeka. Akaanza kusema kitu kuhusu kumwona daktari kwanza, ila nikawa nimeshazima (bando lilikuwa linaisha).

Nikapanga: asubuhi usafi, mchana pilau la harusi. Vidonge vya kushusha sukari nikameza kama kawaida, kwani dawa ni dawa.

"Baba Emiliana, kunywa hata uji," mke wangu akasema.

"Mama, leo seli zinafagia. Usizikatize."

Kanisani nikawahubiria watu wa benchi zima habari za seli. Ibada ikaisha, maharusi wakaenda kupiga picha karibu na lango la Ngorongoro, gari lao likanasa kwenye tope, na ninyi mnajua kwetu hakuna anayegusa chakula kabla bibi harusi hajafika. Ikafika saa nane, ikafika saa tisa. Pale ukumbini upepo wa baridi ulikuwa unaingia, watu wamejifunga mashuka, mimi jasho linanitiririka na mikono inatetemeka, na mjinga mimi nikajisemea, ama kweli leo zinafagia hasa!

Walipofika tu nikaitwa mbele, maana mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa ukoo. Nikashika maiki, nikamkaribisha padri kwenye familia kama mkwe wetu mpya. Watu wakacheka, wakadhani utani. Nikamgeukia mama wa bwana harusi, mjane wa heshima kutoka Kansay, nikamwambia, "Bibi harusi, umependeza, Mungu akujalie watoto wengi." Hapo kicheko kikakatika. Halafu nikaiona keki. Sikumbuki kutembea, ila naambiwa nilizamisha mkono mpaka kwenye kifundo, nikatoka na bonge, nikalisukumia mdomoni.

"Baba mdogo!" Yasinta akapiga kelele.

"Mtoeni nje, amelewa!" akasema mjomba wa bwana harusi, na vijana wawili wakanishika mabega.

Aliyewazuia ni yule yule mama wa Kansay. "Mwacheni ale! Hajalewa huyu, sukari imeshuka. Na mimi ninayo, naijua!" Akafungua mkoba wake, akatoa kipimo, akanichoma kidole, akatazama, akasema, "Leteni soda, haraka!" Basi nikakalishwa mbele ya ukumbi mzima, nalishwa keki na mwanamke niliyetoka kumtakia watoto wengi, mke wangu pembeni analia na kunigombeza kwa pamoja. Akili iliporudi, ndipo na aibu ikaja yote.

Jumatatu nesi wa kliniki akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Habari za seli ni za kweli, mzee wangu, ila wataalamu bado wanazichunguza. Dawa yako inashusha sukari hata kama hujala. Ungetufia."

Tangu siku hiyo siruki mlo na sibadilishi chochote kabla ya kumuuliza yeye, hata mtaalamu wa kwenye simu awe na sauti tamu namna gani. Juzi nikamwomba Yasinta aitoe kwenye albamu ile picha ninayolishwa keki, nina krimu mpaka kwenye nyusi. Akakataa. "Baba mdogo, hiyo haitoki. Hapo ndipo akili ilipokuwa inakurudia, tukajua utapona."