Mkono wa Breki

Juzi, Makambako, fundi pikipiki aliniambia nimwite mwanaume aje abane breki ili yeye atoe hewa. Nilibana mwenyewe. Harufu kali ya mafuta ya breki ilinirudisha uani kwetu Njombe, Jumapili moja mchana.

Mama, aliyekuwa mkunga, alipiga magoti kando ya gurudumu la pikipiki yake, spana mkononi, mpira mwembamba ukitoa mapovu kwenye chupa. Mimi niliubana mkono wa breki kwa nguvu zangu zote. Mzee wa kanisa alisimama getini.

“Mtoto, acha hiyo. Leo ni Jumapili.”

“Usiachie,” mama alisema bila kugeuka. “Kesho wajawazito wa Lupembe wananisubiri.”

Niliamini yale mapovu ni dhambi zetu zinachemka. Hata hivyo, sikuachia. Sasa najua kwamba ningeachia kabla nati ya kutolea hewa haijakazwa, hewa ingerudi ndani.

Jumatatu asubuhi mzee yuleyule alikuja kuomba lifti ya Lupembe. Mama alimwamkia vizuri, akampakia.

“Shikilia, mzee,” akamwambia. “Breki ni za Jumapili.”