Freni za Papa

Juzi, karibu na gare ya treni, kamioneti moja ilifunga freni zikalia kwa ukali, na mimi, mwenye wajukuu, nikajikuta natafuta sufuria.

Nilipokuwa mtoto, Papa alikuwa amebadilisha freni za kamioneti yake, na tangu hapo zilikuwa zinalia kila aliposhuka mteremko wa kwetu. Mama akizisikia tu, aliweka maji ya bukari, ugali wetu, motoni.

Lakini vita vilikuwa vimetukaribia. "Papa Feza," Mama alimwambia mchana mmoja, akimwita kwa jina langu, "ile kelele itakuitia askari njiani. Uitengeneze."

Papa akafungua magurudumu. Vipande vipya vya freni vilikuwa vinang'aa kama kioo. Akavisugua kwa msasa mpaka vumbi lenye harufu ya kuungua likatujaa puani. Akajaribu gari: kimya.

"Sasa hata wewe hautanisikia," alimwambia Mama, akicheka.

Kesho yake alienda na gari mji wa Bendera, na hakurudi.

Mimi nilidhani anarudi kila jioni, ila sisi ndio hatumsikii.

"Mama, weka maji," nilimwambia. "Labda amekwisha kufika."

Mama alikuwa anajua kwamba hatarudi. Akayaweka, yakachemka mpaka yakakauka.