Goti Lililopigiwa Kura

Daktari alinionya mara tatu: kwa miezi mitatu nisiukanyage mguu wa kushoto, la sivyo chuma alichonifunga gotini kitapinda na mguu hautakunjika tena. Nilikuwa nimeanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, goti likapasuka. Nikarudi kijijini kwetu, jirani na Ilongero, na magongo mawili na picha ya eksirei ndani ya bahasha ya kaki.

Ulikuwa msimu wa kulima shamba la ujamaa, na asiyelima aliitwa mzembe. Kusamehewa kulitaka kibali cha halmashauri ya kijiji. Nikawapa barua ya daktari. Wakasema barua mtu yeyote anaweza kuandika. Nikapandisha suruali, nikawaonyesha kovu. Wakasema kovu hata fahali anaweza kukupa. Lakini picha! Picha imetoka kwenye mashine ya serikali, na mashine ya serikali haidanganyi.

Mwenyekiti akaiinua juani. Wajumbe waliokaa benchi moja naye wakasema ni mguu wa kushoto. Picha ikapelekwa benchi la pili, wakaishika kinyume, wakasema wa kulia. Jamani, walibishana saa mbili nzima!

"Ndugu mwenyekiti," nikasema, "mguu wenyewe huu hapa. Ushikeni."

Katibu akanikaripia: mgonjwa haruhusiwi kuchangia hoja inayomhusu.

Ikapigwa kura. Benchi la pili lilikuwa na watu wengi, maana ndilo lililokuwa kivulini. Muhtasari ukaandikwa: mguu wa kulia ni mgonjwa, asamehewe jembe, wa kushoto ni mzima.

Siku ile nilicheka mpaka nyumbani. Kesho yake katibu akanikuta njiani nimeunyanyua mguu wa kushoto.

"Ndugu, mguu uliopitishwa si huo. Nikikukuta hivi tena kibali kinafutwa, unashika jembe."

Jembe lingenimaliza kabisa. Basi kila nilipomwona kiongozi, nilibadilisha: naunyanyua wa kulia, nasimama juu ya kile chuma, natoa "Shikamoo mzee" huku meno nimeyauma na machozi yananilenga. Niliwachukia wale watu, tena sana. Nilijichukia na mimi pia, kwa kuwatii.

Miezi mitatu ilipotimia, daktari akanipiga picha nyingine. Akaziweka zote mbili mbele ya taa. Chuma kilikuwa kimepinda.

"Si nilikukataza kuukanyaga?"

"Ulinikataza, daktari," nikamjibu. "Lakini ilipigwa kura, nikashindwa."