Aliyekwenda Kutazama

Ukimpelekea Lambert suruali ya kupunguza, ulirudi na suruali pamoja na somo. Mtaa mzima wa La Rochelle ulijua hivyo. Fundi huyo alisoma sekondari, seksheni ya Kilatini, kule Bukavu, na ingawa Johannesburg Kilatini hakimlipii mtu kodi ya chumba, alikataa katakata kukiacha kife. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa la kazi yake ya Jumapili, maana alikuwa refa wa mechi za Wakongo.

"Waingereza wanasema referee, ule mtu munapelekea ugomvi aamue," alimwambia mteja, pini zikiwa mdomoni. "Kiafrikana ni skeidsregter, hakimu wa kutenganisha. Wafaransa arbitre, Wareno árbitro. Haya mawili yanatoka kwa arbiter ya Kilatini. Na arbiter wa kwanza hakukuwa hakimu! Alikuwa mutu alienda fasi kitu inafanyika, akaona na macho yake. Shahidi. Kuamua kulikuja nyuma."

"Eish, sharp, sawa," mteja alijibu, akanyoosha mkono apewe suruali yake.

Basi ikafika Jumapili moja ya baridi, mwaka 2017, uwanjani Rosettenville, mtaa wa jirani. Lambert aliwapa La Rochelle penalti. Steve, mshambuliaji wao, alipokwenda kuupanga mpira, nahodha wa Rosettenville alimtandika ngumi ya shingo. Nahodha huyo ni Gradi, mdogo wake Clémentine, mke wa Lambert. Mashabiki wakamiminika na chupa na mawe, mmoja akatema meno, mwingine akapasuliwa paji la uso. Steve alikuwa chini, hajitetei. Gradi akamkanyaga kichwa kwa kiatu cha njumu, akamkanyaga tena, akaendelea kama mtu anayezima moto. Damu iliruka mpaka kwenye soksi za refa.

Steve alifia hospitali. Polisi walipouliza, uwanja mzima ukageuka wa vipofu: vumbi lilikuwa jingi, bwana, na watu walikuwa wengi. Waongo wakubwa! Majani yale hayajawahi kutimua vumbi.

"Baba Victoire," Clémentine alimwambia mumewe, akimshika magoti, "useme haukuona. Mwaka wa 2015, wale wa kufukuza wageni walipovunja atelye yako ya kushona na marungu, nani alikutoa? Mukono ya Gradi ilivunjika juu ya kukutetea."

Ni kweli. Lambert alimpenda yule kijana. Alimpenda na sasa alimwogopa, na hakujua lipi lilimtesa zaidi.

Siku ya matanga familia zote mbili zilikutana katika ukumbi wa kanisa. Mama Marthe, mzazi wa Steve, hakutaka maombi kwanza. Alisimama mbele ya Lambert.

"Refa. Nani aliua mutoto wangu?"

Clémentine alimtazama mumewe.

"Gradi," Lambert alisema. "Steve alikuwa chini. Gradi alimukanyaga kichwa. Niliona yote, na polisi nitawaambia."

Gradi aliruka viti. Ngumi ya kwanza ilimpasua Lambert mdomo, ya pili ikamlaza sakafuni, na teke la mbavu likafuata kabla wanaume hawajamkamata na kumburuta nje huku akitukana. Clémentine alipita pembeni ya mumewe, hakuinama, akamfuata ndugu yake.

Lambert alijiinua akaketi, akiufuta mdomo kwa mkono wa shati. Moyoni alihisi nafuu ya ajabu, hata fahari kidogo. Alikuwa amesema. Alimtazama Mama Marthe akitegemea kushukuriwa.

Mama hakushukuru. Alichuchumaa, uso kwa uso naye.

"Uliona anamukanyaga mara ya kwanza?"

"Ndiyo, mama."

"Na ya pili? Na zile zingine?"

"Niliona zote."

"Ulikuwa karibu?"

"Karibu sana."

"Na wewe, wakati ulikuwa unaona, ulifanya nini?"

Lambert alifungua mdomo, damu ikamtiririka kidevuni.

"Nilipiga filimbi, mama."