Mablanketi ya Mahari

Mjukuu wangu anaolewa Agosti, na juzi aliniuliza mashuka mangapi yanatosha nyumba. Watakaa mjini, mtaa wa Section 58, vyumba viwili, na ameshanunua ya kutandika, ya kubadilisha, na ya kubadilisha yale ya kubadilisha. Nikamwambia nunua tu, mama. Sikumwambia kwamba nimeona baba yangu akivunjwa mkono kwa hesabu hiyo hiyo.

Ilikuwa wakati wa Imajensi, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, kwenye shamba la mzungu juu ya Elmenteita. Ukisimama mlangoni kwetu uliona vumbi jeupe la machimbo ya Kariandusi likipanda kama unga. Shule nilifika darasa la pili, kwa hivyo miaka msiniulize. Najua tu nilikuwa nimeshaposwa. Mashuka yalikuwa ya memsabu, mke wa huyo mzungu. Yeye alikuwa na kabati zima, sijui alikuwa akilala mara ngapi. Sisi tulilalia gunia lililojazwa maganda ya mahindi, tukajifunika blanketi, na mdogo wangu akilikojolea tunajifunika hivyo hivyo.

Sheria haikuandikwa popote lakini laini yote, safu nzima ya nyumba za vibarua, iliijua: kichwa kimoja, blanketi moja. Homgadi, wenzetu waliojiunga na serikali, wakiingia wanahesabu vichwa, halafu mablanketi. Likizidi hata moja, basi kuna mtu wa msituni anakuja kulala kwako.

Sisi tulikuwa vichwa vinne na mablanketi saba. Matatu ya ziada yalikuwa ya mahari yangu. Aliyenioa aliyachumia maua ya pareto mpaka vidole vikageuka rangi, namsifu kwa hilo, mengine tuyaache. Moja la mama, moja la shangazi, moja la nyanya aliyemzaa baba. Na kwetu blanketi la mahari halilaliwi mpaka mwenyewe akabidhiwe mbele ya wazee, watu wakila na kunywa. Sasa wazee utawakusanya wapi, na watu watano wakisimama pamoja wanachapwa?

"Gawa kimyakimya, wifi," shangazi alimwambia mama.

"Nigawe kama mwizi? Binti yangu sikumwokota."

"Basi tuyafukie," baba akasema.

"Fukia la mama yako kwanza, nikuone."

Nyanya alikuwa amepakiwa kwenye lori mwezi uliotangulia, akapelekwa Ukikuyuni ambako hakuwahi kuishi. Mablanketi yakakaa chini ya kitanda, panya wakayafanya choo, mpaka Jumapili moja mama akasikia homgadi wameenda upande wa Gilgil, akayatoa yote matatu akayaanika kwenye ua.

Wakarudi mapema. Mkubwa wao tulimjua, alikuwa mkamua ng'ombe kabla ya kupewa bunduki, na uji wa mama alikuwa ameunywa sana.

"Mama, hapa mnalala wangapi?"

"Unatujua. Wanne."

"Na hizi zinalala wangapi?"

"Hayo hayalali. Ni ya mahari ya huyu."

"Mahari!" Akawageukia wenzake. "Bwana arusi anatoka msitu gani?"

Wakacheka. Kisha akampiga baba kwa kitako cha bunduki kifuani, bila hasira, kama mtu anayefunga mlango. Baba akakaa chini.

"Kila blanketi inionyeshe mtu wake. Ikikosa mtu, mzee anaenda."

Mama akachukua moja akajifunika. Shangazi akatoka nyumbani kwake, mlango wa tatu, mikono ina unga.

"Hiyo ya mistari ni yangu. Mimi ni dada ya baba yake. Ama unataka kunioa wewe ndiyo unaishika hivyo?"

Alimpiga mdomoni. Shangazi akaanguka, akainuka, akatema jino kwenye kiganja akaliangalia.

"Sasa ni yangu zaidi," akasema, akalivuta blanketi kutoka mkononi mwa yule mkubwa.

Likabaki moja. Mama aliwatazama wanawake wa laini, mmoja mmoja. Ingetosha mmoja tu kusema langu. Wakatazama miguu yao, na siwalaumu, damu ya shangazi ilikuwa bado inadondoka. Mimi nikafungua mdomo. Baba akaniwahi.

"Ni ya mama yangu," akasema. "Muulize yuko wapi. Si ni wewe ulimpandisha lori?"

Hapo wote walimwangukia kwa rungu. Mkono ulilia kama kuni kavu. Walimpiga sikio mpaka likatoa maji, na mama alipomlalia juu wakampiga mama pia, blanketi likiwa bado mabegani mwake. Kisha wakamtupa baba ndani ya lori lao pamoja na lile la nyanya, kama ushahidi. Lori lilipopinda kwenye ghala nilimwona akilikunjua blanketi kwa mkono mmoja na kujifunika nalo kichwa na vyote, jua likiwa linawaka.

Alirudi Imajensi ikielekea kwisha, mkono umeunga vibaya, sikio moja limekufa, blanketi hana. Mimi nilikuwa kwa mume, nilikuja na mtoto mgongoni. Mama alitandika kila alichokuwa nacho. Baba akayatoa mablanketi moja baada ya jingine, akabakiza moja.

"Haya mengine ni ya nani?"

"Ni yako, baba yao. Baridi ya huku umeisahau?"

"Nauliza ni ya nani."

Mama akayakunja akampelekea shangazi.